Mapera Chini ya Mtoto Yesu

Mpendwa Doña Ofelia wa safu ya ushauri gazetini, naomba unisaidie, na unisaidie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana ikipita hapo nitakuwa nimeshaaibika na ushauri wako nitausoma kwa machozi tu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nina mume na watoto wawili, na kwa miaka kumi na minne nimefanya kazi ghalani hapa Laredo, kazi ya kuzungushia mizigo plastiki mpaka mabega yamekataa, na mwaka jana nikasema imetosha, nikajiandikisha chuo cha jamii kusoma biashara ya kimataifa, masomo ya jioni, nikikaa mstari wa mbele, pamoja na watoto wa miaka kumi na tisa wanaoniita "señora", yaani mama, huku wakinakili kazi zangu. Ninalokuambia ni ukweli mtupu, majina tu nimeyabadilisha, isipokuwa la Mtoto Yesu.

Mama mkwe wangu, tumwite Doña Eduviges, anaishi ng'ambo ya mto, Nuevo Laredo, upande wa Mexico, na uani kwake kuna mpera ambao ukianza kuzaa mwezi wa kumi hauna adabu kabisa, unamwaga mapera mpaka kwa jirani, na yeye haamini kwamba kinywaji cha Krismasi kinaweza kuchemshwa kwa pera la dukani, anasema la dukani halinuki chochote, ni sawa na kuchemsha mpira. Kila Jumamosi namfuata kwa miguu tuvuke daraja la mpakani pamoja aje kuona wajukuu, na kwa kuwa mapera ya mtu binafsi hayaruhusiwi kuvuka, mama mkwe huyapanga ndani ya kikapu, hutandika blanketi, na juu ya blanketi huilaza ile sanamu ya Mtoto Yesu ya ukoo wao, na kofia yake ya kufuma, macho wazi, kisha mimi nabeba kwa sababu goti linamsumbua, na mama mkwe anatembea mbele kama anaongoza maandamano ya kanisani.

Sasa pale darajani kuna afisa, tumwite Quintanilla, yeye ni wa kukagua vyakula na mimea, na ni mcha Mungu, akituona tu anavua kofia.

"Anaenda wapi tena Mtoto wetu?"

"Kwa fundi, mwanangu, kupimwa nguo ya Krismasi," anasema mama mkwe.

"Si alipimwa Jumamosi iliyopita?"

"Anakua huyu."

Afisa anacheka, anambusu Mtoto mguu, tunapita, na mimi huku chini nasikia mapera yanagongana nikimwomba Mungu yule yule asiyasikilize.

Basi mwalimu wetu, Bwana Arredondo, akatupa kazi ya muhula: chagua bidhaa moja inayovuka daraja, ifuate kutoka shambani hadi mezani, andika kila karatasi na kila mkono inaopitia. Wenzangu wakachagua vipuri vya magari na televisheni, mimi nikachagua mapera, nikaandika kurasa kumi na mbili, na Doña Ofelia, sijui ni shetani gani alinishika kalamu, nikalinganisha njia mbili. Njia ya kwanza ni ya halali: karatasi tisa, siku nne, malori matatu, yaani la Mexico, lile la kuvusha daraja tu, na la huku. Njia ya pili nikaiita ya Mwagizaji E., mwanamke wa kubuni, anayevuka kwa miguu kwa dakika arobaini na kikapu chenye sanamu takatifu, karatasi hakuna, hasara hakuna, mzigo unafika ukiwa bado unanukia. Nikahitimisha kwamba E. ameshinda. Nilicheka peke yangu jikoni nikiandika, nikajiona nina akili kuliko mji mzima.

Mwalimu naye alicheka mpaka akatoa miwani, akasema hajawahi kuona mwanafunzi mwenye ubunifu kiasi hicho, na huku anaongea anakula mapera niliyompelekea kwenye mfuko, alikula matatu, akauliza nanunua duka gani. Akanipa alama ya juu darasani na akanichagua niwasilishe Ijumaa hiyo mbele ya wageni, na mgeni mmoja ni Bi Hortensia, mwenye ofisi ya wakala wa forodha, ambaye kila mwaka anachukua mwanafunzi mmoja tu kwa mafunzo ya kazi yenye mshahara, na anayeingia pale hatoki, mwenzangu wa mwaka jana sasa ana kiti cha ofisini cha kuzunguka na dirisha. Nakitaka kile kiti, sikufichi. Mgeni wa pili ni afisa kutoka darajani. Nikasoma jina kwenye tangazo. Quintanilla.

Hapo maji yakanifika shingoni, nikamwambia mume wangu Rogelio, ambaye badala ya kunisaidia alicheka, kisha akampigia mama yake simu, akamwambia tu, "Mama, mkweo ameandika habari zako chuoni na wakubwa wanakuja kusikia." Doña Eduviges amenunua viatu. Amesema atakuja Ijumaa, atakaa mstari wa mbele, ataleta mapera wageni waonje, na atakuja na Mtoto, kwa sababu bila Mtoto habari haikamiliki.

Nikamwambia, "Mama, mambo haya ni siri."

"Siri gani, na umeyaandika kurasa kumi na mbili?"

"Hukutakiwa kujua."

"Kwa hiyo wajue wageni, mimi nisijue? Sikiliza, binti. Mimi nafanya biashara ya kimataifa tangu huyo mume wako ananyonya, na hakuna aliyenipa cheti. Ijumaa nitasimama wanipigie makofi."

Doña Ofelia, nifanyeje? Nikiwasilisha, Quintanilla atamjua mama mkwe hata kabla sijafungua mdomo, na aibu itakuwa ya mama na nafasi nitaipoteza mimi. Nikisema naumwa, nafasi imekwenda na narudi kwenye plastiki. Nimefikiria kubadilisha mapera yawe maembe na Mtoto Yesu awe Mtakatifu Yuda, lakini mwalimu ameshachapisha. Mama mkwe ni mkaidi, mume wangu hafai, na mimi sina kosa ila kupenda kuandika. Nishauri.

Wako, Señora wa Mstari wa Mbele

*

Señora, kwanza pole, halafu keti, maana utasemwa.

Unasema umebadilisha majina. Mwanangu, hii ni Laredo. Tangu barua yako ifike mezani kwangu, wanawake wawili wa hapa gazetini wamesema, "Huyu ni yule wa kikapu," na mmoja ameongeza kwamba Mtoto hupendeza zaidi na kofia ya buluu. Siri yako ni ya watu wote isipokuwa Quintanilla, na hata yeye sina hakika. Mtu aliyekagua mizigo miaka yote hiyo hajui harufu ya pera? Labda anajua na anamwonea bibi huruma, naye hataki kulazimishwa kujua mbele ya mwenye ofisi na darasa zima.

Nimecheka, sikatai. Lile la "anakua huyu" nimelisoma mara tatu. Lakini kaka yangu ana shamba la machungwa huko Bondeni, mto huu unakoelekea baharini, na mwaka ule nzi wa matunda walipoonekana kwenye miti ya jirani yake, waliwekewa karantini, akatazama matunda ya msimu mzima yakioza hata kuyagawa bure haruhusiwi. Nzi wale hawakuruka kutoka Mexico kwa tiketi. Walibebwa na mtu mzuri, mwenye mkwe mzuri, ambaye pera la dukani kwake ni mpira. Hilo ulifundishwa darasani, maana umeniandikia mwenyewe karatasi tisa, na mojawapo ni ya nzi.

Tuje kwenye kosa lako, unalosema huna. Katika barua nzima ni mama mkwe hupanga, mama mkwe hutandika, mama mkwe humlaza Mtoto. Mkono uliobeba kikapu umeutaja mara moja tu, umeupitisha haraka haraka nyuma ya goti la mtu. Na kwenye kurasa zako kumi na mbili umemfanya E. abebe peke yake. Unasoma biashara ya kimataifa na hujui mwagizaji ni nani? Pale darajani hawaulizi mpera ni wa nani. Aliyebeba ndiye anayepaswa kutangaza. Mwagizaji ni wewe, bibie, na jina lako halianzi na E.

Na kuna jambo ambalo umelipita kabisa kwa sababu ya kukitazama kile kiti cha ofisini. Wewe ukikamatwa utapigwa faini, utalia, utakwenda nyumbani upande huu huu wa mto. Yeye ni mtu wa kule, anavuka kwa kadi ya ruhusa ya mpakani. Wakimkuta na mapera chini ya blanketi, au wakisikia kwamba ni mazoea yake ya kila Jumamosi, wanaweza kuichukua ile kadi, na hao wajukuu atawaona kwenye simu mpaka kufa kwake. Anakuja Ijumaa na viatu vipya kupigiwa makofi kwa jambo linaloweza kumfungia daraja, na wewe unaniuliza habari za mafunzo ya kazi! Hapo nimekukasirikia kweli.

Sasa fanya hivi. Gazeti hili linatoka Jumatano, kwa hiyo usiseme huna muda. Leo hii vuka uende kwa Doña Eduviges, usipige simu, wala usimtume yule Rogelio wako, ambaye ningekuwa mama yake ningemchapa na kandambili. Kaa jikoni kwake umwambie ulimwandika, ukamcheka, ukamfanya mhalifu wa kubuni ili wewe upate alama. Atakutukana. Mwache amalize. Kisha mweleze habari ya kadi, polepole, kwa sababu nakuhakikishia hajui. Wanawake kama yeye huogopa kunyang'anywa mapera tu.

Kesho Alhamisi rudi kwake uchukue mapera sita, yaweke juu kabisa ya kikapu, Mtoto abaki nyumbani apumzike, amepimwa nguo vya kutosha. Kikapu beba wewe. Ukifika kwa afisa, sema kabla hajauliza kwamba una mapera. Watayachukua, watayatupa, na kwa kuwa umetangaza hawatakutoza chochote, na utajua dakika hiyo jinsi kifua kinavyokuwa chepesi. Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwa Bwana Arredondo umweleze aliyoyala yalitoka wapi. Hatakufukuza. Mwalimu aliyekula matatu bado ana mbegu kwenye meno, atakusikiliza kwa upole sana.

Ijumaa iondoe njia ya pili ya E. na uweke ile uliyopita Alhamisi. Mficha uchi hazai, na wewe umeshafika chumba cha kujifungulia, huwezi tena kushika shuka. Bi Hortensia namfahamu, ni mkavu kama mkate wa juzi, lakini hatafuti mtu mwenye kuchekesha. Anatafuta mtu ambaye, akiulizwa ndani ya lori kuna nini, hatajibu kuna malaika. Mama mkwe aje, avae viatu vyake, akae mstari wa mbele, wala usimtaje kabisa katika habari za Jumamosi zilizopita. Akipigiwa makofi, yawe ya kumlea mwanamume aliyeoa mwanamke anayesoma akiwa na miaka thelathini na tisa.

Na Quintanilla akikutazama, akauliza hizo njia ulizijuaje, mama mkwe atataka kusimama ajibu, maana yeye si mwoga hata kidogo. Wewe mtangulie. Sema, "Nilikuwa nabeba mimi." Kisha nyamaza, usiongeze goti la mtu. Ofisi ya Bi Hortensia ikikukosa kwa maneno hayo, ghala bado lipo na muhula ujao upo. Lakini Jumamosi asubuhi, yule bibi atakuwa anavuka kuja kwako.