Mota Uliyonitumia

Mugisha mjukuu wangu,

Habari za huko? Hapa Ihanda mimi ni mzima, na shangazi yako Koku amemaliza kuanika kahawa.

Unauliza kama mota uliyonitumia inaifaa mashine yangu ya kukereza vyuma. Inaifaa sana. Nimesugua kutu, nimebadilisha beringi na kufunga mkanda, sasa inazunguka bila mtu.

Ujanani kwetu umeme haukuwepo. Marehemu bibi yako alizungusha gurudumu kubwa la mashine hii kwa mkono, mimi nikashika kisu cha kukatia chuma. Siku moja nakereza ekseli ya baiskeli, akapunguza mwendo ghafla.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Hapana. Gurudumu limekuwa zito. Kisu chako kimezama mno."

Nikatazama, kweli, kilikuwa karibu kuvunjika. Tangu siku ile sikuhitaji kumwambia lini apunguze.

Jana chuma kilianza kulia. Bila kufikiri nikasema kwa Kinyambo chetu, "Mpola, Mama Koku," yaani polepole, kana kwamba bibi yako bado anazungusha. Mota ikaenda vilevile, kisu kikavunjika.

Kisu nitanoa kingine. Gurudumu lake nimeliegemeza ukutani, sijalitupa. Ukija likizo tulirudishe, unizungushie kidogo.

Babu yako