Jogoo wa Pete Namba Ishirini na Saba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na wifi yangu pia, na kile kikohozi chake cha asubuhi kimemwachia. Sisi huku tunapumua. Mama miguu inamsumbua, lakini ulimi uko imara vilevile ulivyouacha. Juzi amemwambia mwenye duka kwamba mizani yake ina njaa kuliko wateja. Mimi cherehani inanilisha na mgongo unanilaumu, ndiyo maisha. Kwa upande wa afya, basi, usiwe na wasiwasi. Wasiwasi uwekee haya mengine.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu hunipi nafasi, kaka. Ukishasema haloo unauliza pora wangapi, tembe wangapi, nani ameanza kutaga, nami najikuta najibu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Mara tatu mwezi huu nimekupigia nikiwa nimejiandaa kusema, na mara zote tatu nimekata simu baada ya kukueleza habari za pumba na mashudu. Karatasi hainikatizi.

Jambo lenyewe ni huu uamuzi wako wa kuacha kazi. Uliniambia mwisho wa mwezi unampelekea bosi wako barua, unaondoka kiwandani baada ya miaka kumi na tisa, unarudi nyumbani kujenga mabanda na kuuza mbegu ya kuku wa baba. Tayari wafugaji saba wa maonyesho wameagiza kwako, kila mmoja jogoo na majike wawili. Ulisema baba alitumia maisha yake yote kuwatengeneza wale kuku weusi wenye madoa meupe, na wewe utatumia yako yaliyobaki kuwaeneza. Nakuomba usiache kazi. Soma mpaka mwisho ndipo unitukane.

Nianze na maonyesho ya miezi minne iliyopita. Nilikuambia hatukupata kitu kwa sababu ushindani ulikuwa mkali. Si kweli. Nilipeleka watatu, niliwaosha siku mbili kabla, nikawakausha kwa taulo langu mwenyewe, miguu nikaipaka mafuta mpaka inang'aa. Yule jogoo kijana, yule pora uliyempenda, ndiye aliyekuwa anasimamisha watu. Mama mmoja aliuliza kama madoa yale tumeyachora. Jaji alipofika kwenye kizimba chetu alimtoa, akamkalisha mkononi, akapapasa kidari, akafungua bawa, akahesabu meno matano ya upanga wa kichwani. Nilimwona anatabasamu. Kisha kidole gumba chake kikapita upande wa kulia wa upanga, kikasimama, kikarudi pale pale.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimrudisha kizimbani, akaandika kwenye kadi kwamba ameondolewa mashindanoni, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani nyumbani kwetu mwenye mkasi. Nikasema sielewi anachosema. Akavitazama vidole vyangu vya cherehani, haya matundu ya sindano, akasema niende nikafikiri. Wenzangu wa vizimba vya jirani ghafla wakawa na shughuli nyingi, kila mmoja anabadilisha maji ambayo yalikuwa safi.

Unajua alichokigusa. Ni kovu la kipembe, kile kijinyama kinachoota ubavuni mwa upanga, ambacho baba alikichukia kuliko kideri. Kideri kinaua kuku, alikuwa akisema, lakini kipembe kinaua ukoo.

Kesho yake nilikwenda kwa Fundi Saa. Ndiye pekee mwingine aliyekuwa na kuku wa baba. Baba alimpa nusu ya mbegu ili moto au ugonjwa ukitokea kwetu, kwake ibaki. Nilikwenda na kapu, nikitaka kumwomba jike mmoja na jogoo mmoja tuanze upya. Nilimkuta mezani, kioo chake jichoni, anachokonoa saa ya mtu. Nilipoeleza shida yangu alicheka kicheko ambacho sikukipenda. Akasema niende nyuma nikachague. Banda lilikuwa tupu, limefagiliwa, ameweka ndani baiskeli. Alinikumbusha kwamba tulimletea majogoo wetu miaka sita mfululizo ili kuongeza damu, na kila mwaka kipembe kilizidi, mpaka mwaka jana akachoka akawachinja wote. Hakutuambia kwa sababu alidhani kasoro imetoka kwake, akaona aibu. Mzee wa watu alikuwa anatuonea haya sisi.

Ni yeye aliyenieleza ubaya wa kipembe: kwamba kinajificha. Kuku anaweza kuwa na upanga safi na bado akakibeba ndani, akaja kuwapa wanawe. Akaniambia nikawapime wale majike wetu kumi na mmoja wenye upanga safi, kila mmoja kwa jogoo mwenye kipembe, kwani huenda yupo mmoja aliyeponyoka. Jike safi kwelikweli hatazaa kipembe.

Nimewapima, kaka. Kila jike nilimwekea kiota chake chenye mlango unaojifunga, akiingia namfungulia mimi, yai naliandika namba ya pete yake ya mguuni kwa penseli. Nilishona mifuko kumi na moja ya neti, kila mama na mfuko wake ndani ya mashine ya kutotolea, ili vifaranga wasichanganyike. Wateja wangu walikuja kuchukua nguo wakakuta bado vitambaa. Mama alisema wajukuu wake hawajawahi kushonewa hata leso, lakini mayai yana nguo. Na nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu unikabidhi daftari la ukoo: niliomba niwe nimekosea. Niliomba kuwe na ukurasa mmoja ambao nilisinzia nikaandika baba asiye baba, jike mmoja tu ambaye hatoki alikotoka mwenzake. Nilikuwa navipapasa vifaranga kila asubuhi. Kufikia wiki ya sita mama kumi walikuwa wameshashindwa. Jike wa kumi na moja, yule mpole wa pete sabini na mbili, alikuwa na watoto tisa safi. Nikahesabu siku. Nikaanza hata kuimba. Wiki ya nane watatu kati ya tisa wakaota kipembe. Daftari langu halikuwa na kosa hata moja la uzazi.

Lina uongo mmoja tu, na ndio huu.

Unakumbuka mwaka ule baada ya msiba wa baba, msiba ambao hukuwahi kuufikia kwa sababu kiwanda kilikunyima ruhusa. Ulikuwa hupigi simu. Ukipiga, nasikia mashine tu nyuma yako. Nikakutumia picha za pora kumi na wanne wa msimu ule, nikakuomba uchague wewe jogoo wa kurithi banda, kwani wewe ndiye mkubwa. Ukamchagua wa pete ishirini na saba, tuliyekuja kumwita Mheshimiwa. Picha ile niliipiga kutoka kushoto. Kipembe kilikuwa kulia, kidogo kama punje ya mchele. Wallahi sikukiona mpaka nilipomkamata ili nimtenge.

Nilikupigia saa ileile nikuambie. Ukapokea unacheka. Ukasema huyu ndiye jogoo baba alikuwa anamtafuta miaka yote, ukasema sasa unaona baba hakufa bure, kisha ukalia, mtu mzima, ukanishukuru kama nimekutoa shimoni. Nilisema ndiyo, ni mzuri sana. Nikakata simu, nikachukua kimkasi cha kukatia nyuzi, nikakikata kile kipembe, nikabandika majivu damu ikakauka. Kwenye daftari, mahali pa kasoro, nikaandika hana.

Nilijiambia ni jogoo mmoja, msimu mmoja. Ila wewe ukaniagiza nimrudishe kwa binti zake ili uzuri ule usipotee, kisha kwa wajukuu zake, na kila mwaka ukachagua mwanawe aliyefanana naye zaidi, na kila mwaka nikakata. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka minane. Hao saba waliokuagiza wakipewa kuku wetu watauona ukweli kwenye kizazi cha kwanza au cha pili, na watakaloliita tapeli ni jina la baba.

Na kuna lililo baya kuliko hilo. Mwaka ule kulikuwa na pora mwingine, pete thelathini na moja, mabaka yake machache, mkia umelegea kidogo, lakini upanga safi, na mama yake hakuwahi kutoa kipembe katika daftari lote la baba. Ulisema huyo hana sura, tumle. Tukamla Jumapili, na dada zake wawili wiki iliyofuata kwa kuwa banda lilijaa. Mimi nilikula paja. Hakuna mwingine wa damu ile, kaka. Nimeulizia kwa wafugaji wote wa chama, nimetuma picha kila mahali. Hakuna.

Nilikuwa nimefika hapa asubuhi, nikitaka kukusihi uichane ile barua ya kuacha kazi kabla mwezi haujaisha, wifi akampigia mama. Amesema uliipeleka wiki iliyopita, hukutaka tujue mpaka ukibisha hodi. Amesema wenzako wamekuaga, na kwenye nafasi yako ameshawekwa mtu, na umemkataza wifi kutuambia lakini furaha imemshinda. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nami nilipiga, kaka. Nilisimama pale nikapiga vigelegele.

Nilitaka kuichana hii. Nimeona bora uisome huko huko, unipigie kelele mbali na mama. Nenda kwa bosi wako hata hivyo, umwombe, ingawa najua watu wa kiwanda chenu. Kuku wapo thelathini na wanane, wanakula vizuri, mtu asiyejua akiwaona atasema hajawahi kuona kuku kama hawa. Ukisema wachinjwe nitawachinja mimi mwenyewe. Sikuombi unisamehe leo. Naomba tu ujue kwamba siku ile sikumpenda jogoo, nilikupenda wewe, na kwa hilo nimekuharibia kila kitu.

Nisalimie wifi, mwambie asijilaumu kwa kusema. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu sana na hajui lolote. Tangu asubuhi yuko chumbani kwako na ndoo ya chokaa, anapaka kuta, na amekataa msaada wangu.

Wako,
mdogo wako.