Ulimi Uliomnyima Mwalimu

Mpendwa Baba Mdogo,

Tangu tukuzike nimejaribu kukulilia kwa adabu nikashindwa, kwa sababu kila machozi yanapokaribia, hasira inatangulia. Umeondoka bila kusema. Miaka yote hiyo ulikuwa na mdomo, na hukuwa mtu wa maneno machache hata kidogo. Ukianza habari za ng'ombe, hata mvua haikunyamazishi.

Na ndicho kinachonichoma. Kendu Bay nzima hapakuwa na ndama ambaye hukumjua baba yake. Unakumbuka ulivyonichukua mnada wa Migori, nikiwa bado shule ya msingi, ukamsimamisha mtu asiyekujua kabisa ukamwambia ndama wake amezaliwa na fahali mwenye nundu iliyolalia upande, wa kule njia ya Osiri? Yule bwana alibisha, akabisha, mwishowe akakiri. Na alipokuja mtu wa mifugo na mtungi wake wa mbegu za fahali zilizogandishwa, wenzako wote walishangaa ng'ombe atashikaje mimba bila dume. Wewe ulitaka kujua jina la fahali mwenyewe, na kama mama yake alikuwa na maziwa. Akasema hajui. Ukamfukuza yeye na mtungi wake, eti huwezi kuingiza bomani kizazi kisichojulikana.

Bomani humo humo ndimo nilimokuwa nikishinda mimi.

Ni wewe uliyenifundisha kupiga mluzi. Ulikunja ulimi pande zote mbili ukawa kama mfereji, ukapuliza, na ng'ombe waliotawanyika hadi karibu na ziwa wakainua vichwa. Omondi na wadogo zake, watoto wa nyumbani kwako, walijaribu mpaka mate yakawatiririka kidevuni. Ndimi zao zilikataa. Wangu ulikunjika mara ya kwanza. Ulinitazama kidogo, halafu haraka ukawatazama ng'ombe. Mama alipokuja kunigombeza kwamba msichana hapigi mluzi, ukamwambia, "Mwache, anaita ng'ombe." Nilikuwa mtoto, lakini niliona jinsi Mama alivyogeuka akaenda zake.

Basi nikafika kidato cha nne, na Mwalimu Mutua akaanza somo la jenetiki. Alikuwa mgeni kwetu, ametoka Machakos, kijana mwenye bidii na shati lililojaa vumbi la chaki. Alitufundisha kwamba jeni hutembea mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama, na kwamba jeni tawala hata ikiwa moja tu itajionyesha. Mfano wake ulikuwa ulimi. Aliukunja wake mbele ya darasa, tukacheka, tukakunja yetu. Kisha akasema kwamba siku hizi, katika nchi za mbali, wataalamu wanachukua tone la damu, wanaisoma DNA iliyomo, na wanajua ni nani aliyemzaa nani bila kumuuliza mtu yeyote. Nilikaa wima. Bila kumuuliza mtu yeyote! Katika biolojia yote sikuwahi kusikia maneno yaliyonipendeza kuliko hayo.

Akatupa zoezi. Kila mmoja achore chati ya ukoo wake, wanaume miraba, wanawake duara, na awapake wino wanaoweza kukunja ulimi. Nilizunguka kijijini nikiomba wazee wanitolee ndimi, wengine wakadhani nimerukwa na akili. Penye baba yangu niliandika Ochieng', kaka yako, ambaye kaburi lake liko mbele ya nyumba ya Mama. Ningemwandika nani mwingine? Alikufa miaka kadhaa kabla sijazaliwa, ukamrithi Mama jinsi ndugu wa marehemu anavyotakiwa, ukawa unakuja na kurudi kwako kwa Mama Omondi, na watoto waliozaliwa wakawa wa Ochieng'. Haikuwa siri. Kila mtu alijua, na kila mtu alijua kwamba halisemwi. Nilimuuliza Mama kama Ochieng' aliweza kukunja ulimi, akasema alikuwa na kazi nyingi kuliko kuchunguza ulimi wa mume wake. Nikaweka alama ya kuuliza ndani ya mraba, na chini yake mwaka ulioandikwa kaburini.

Mwalimu Mutua alilinganisha mwaka wa kaburi na mwaka niliozaliwa, akaandika kwa wino mwekundu: "Maiti hazai. Rudia." Sikuwa peke yangu. Darasani tulikuwa wengi ambao baba zetu walikuwa wamezaa wakiwa kaburini, na maskini yule akadhani tumepanga kumdhihaki. Alikasirika. Tusirudi darasani, akasema, hadi tuje na mzazi wa kumweleza. Na mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia.

Mama akakutuma wewe. Mungu anisamehe, nilifurahi. Njia nzima nilikuwa nyuma yako nikijisemea kwamba leo amebanwa, leo atasema. Sikuhitaji unirithishe kitu wala unibadilishe jina. Nilitaka mara moja tu, mbele ya mtu mmoja tu, useme kwamba huyu nimemzaa mimi. Wewe njia nzima ulikuwa unakosoa ng'ombe wa watu.

Nakumbuka ulivyoketi pale ofisini, kofia magotini. Mwalimu alikuheshimu, nampa haki yake. Akakuuliza pole pole kama wewe ndiye baba yangu.

"Baba yake ni Ochieng'," ulisema. "Amelala nyumbani. Ukitaka, nitakupeleka uone."

"Mzee, hiyo naelewa. Nauliza mwenye alimzaa."

"Mwalimu, ng'ombe yako ikipandwa na dume ya jirani, ndama ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi si unajua."

Ningekuwa na jiwe ningelitafuna. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akajaribu njia nyingine. Akakuomba, kwa ajili ya somo tu, ukunje ulimi kidogo. Akakuonyesha kwa ulimi wake. Na wewe, Baba Mdogo, uliyekuwa ukikunja ulimi asubuhi na jioni mpaka majirani wanajua saa za malisho kwa mluzi wako, uliufumba mdomo wako ukaubana kama mtoto anayekataa dawa. Mwalimu akangoja. Ukambania hata jino. Tulikaa hivyo mpaka kengele ya mapumziko ikalia, akachoka, akaniambia nirudi darasani.

Ulipokuwa unatoka uliniambia ng'ombe wa shule wamekonda, wanahitaji chumvi. Basi, hilo tu.

Nimekuwa mwalimu wa biolojia mimi mwenyewe sasa, hapa Migori, na nikifika penye somo hilo bado napandwa na hasira. Kwanza kwa sababu hukuwa na la kuogopa. Wewe na Ochieng' mlitoka tumbo moja. Ulimi wako huenda ulikuwa wake pia. Babu ni yule yule, bibi ni yule yule, chati ingebadilika mraba mmoja tu. Ungesema ndiyo na kaka yako asingepoteza chochote. Pili kwa sababu nimekuelewa, na kukuelewa kunaniudhi kuliko kutokukuelewa. Uliona ukisema "wangu" utakuwa umemwibia marehemu. Ulikuwa mwaminifu kwa kaka yako aliyekufa, nami niliye hai nikalipia uaminifu huo. Zoezi lile siku hizi nawaambia wanafunzi walifanye kwa mbuzi.

Sasa nikuambie yaliyotokea siku ya mazishi yako, maana hukuwepo kuyazuia.

Vijana waliwatoa ng'ombe mbio kukifukuza kifo, kama desturi, kwa makelele na pembe, wakaenda nao hadi mpakani mwa kijiji. Waliporudi, Rabuor, lile dume lako zee ulilolipenda kuliko watu, akasimama langoni akagoma. Nyuma yake ng'ombe wengine wakarundikana. Wakampiga fimbo, hakutikisika. Omondi akapiga mluzi wa vidole, sikio la Rabuor halikusogea hata kidogo. Mimi nilikuwa nimewekwa kule walikokaa watoto wa ndugu zako, nimevaa viatu vyangu vya ualimu, na nilikuwa nimeazimia kutulia. Lakini mnyama alikuwa anapigwa. Nikakunja ulimi nikapiga mluzi.

Rabuor aliingia. Wote wakaingia nyuma yake, wakasimama mbele ya jeneza lako.

Ungewaona watu wako! Wazee walitazama chini, wanawake wakatengeneza vitambaa vyao vya kichwani, Omondi akaanza kukagua kamba ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Uliwafunza vizuri. Ni Mama Omondi peke yake aliyenitazama, mkeo ambaye maisha yangu yote alinisalimia kwa adabu akapita. Alinitazama muda mrefu. Halafu akasogea kwenye mkeka wake, akapapasa mahali palipobaki wazi.

"Atieno, njoo ukae hapa."

Nikaenda nikakaa, na Omondi akaiacha kamba akaja kukaa upande wangu wa pili. Nililia pale, nakiri, kwa mara ya kwanza, na hata hapo nilikuwa bado nimekasirika.

Lala basi, Baba Mdogo. Nitaendelea kuitwa Atieno Ochieng', usiwe na wasiwasi, hakuna atakayemnyang'anya kaka yako kitu. Rabuor tunampa chumvi. Ila ukikutana na Ochieng' huko uliko, nifanyie hili moja, kwa sababu huko hakuna mwalimu wa kumwogopa: mwombe akunje ulimi. Chati yangu bado ina alama ya kuuliza.

Ni mimi,
binti ya Ochieng', mwenye ulimi wako