Sahihi Yangu ya Kwanza

Tarehe 9 Machi. Leo inatimia miaka thelathini na minne tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu mpenzi,

Kwanza nakujulia hali, wewe na shemeji, na hasa hilo goti lako: bado linagoma ukipanda ngazi, au limekubali dawa? Sisi huku tu wazima. Wifi yako ameitundika sebuleni ile picha ya nyumba ya wazazi, mahali ambapo mgeni ataiona apende asipende. Nimefurahi mno kwamba mmehamia. Tangu mama atutoke, nilikuwa sipendi kuiwazia imefungwa.

Sasa kaa kitini nikupe habari. Kaka yako, kwa umri wa miaka sitini na saba, amepata leseni ya ufundi umeme! Unajua kwamba kazi hii ndiyo iliyonilisha huku. Usilolijua ni kwamba miaka yote hiyo sikuwahi kutia sahihi kazi ya mikono yangu. Nilitoboa kuta, nikavuta nyaya, nikapima. Kisha akaja mwenye leseni, akasimama mlangoni, akaandika jina lake kwenye cheti na kwenda zake. Mwaka jana binti yangu aliniambia kwamba mimi ni mpishi anayeishia kunusa mvuke. Maneno yale yaliniingia. Nikajiandikisha kwa mtihani.

Mtihani wa mwisho hufanyika nyumbani kwa mtu. Mimi nilipangiwa kwa mwalimu mstaafu, aliyetaka kuongezewa soketi moja jikoni kutoka kwenye mzunguko wa nyaya uliokuwapo. Nilipewa muda wa saa tatu, na ukishindwa hurudii tena kabla ya miaka miwili. Kwa umri wangu, hiyo ni sawa na kuambiwa kwaheri. Mkaguzi, mama mmoja mkimya, alikaa kwenye kigoda na kalamu yake.

Kabla sijatoboa tundu hata moja nilizima umeme, nikapima nyaya za zamani. Waya wa ethi, ule wa kijani unaoupeleka ardhini umeme uliotoroka badala ya kuuachia mwili wa mtu, haukufika jikoni. Mkwe wa mwalimu, aliyekuja kutazama, akaniambia soketi za nyumba ile zimefanya kazi miaka ishirini bila kulalamika. Nikamjibu kwamba hata mimi nimefanya kazi miaka mingi bila kulalamika, na hiyo haimaanishi kwamba mambo yalikuwa sawa. Mwalimu akacheka hadi akashika ubavu. Mkaguzi hakucheka.

Basi nikaanza kufungua soketi moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa nyuma ya kabati la vitabu, na mwalimu hakukubali vichanganywe. Alivitoa kimoja kimoja kwa mpangilio, akinieleza kila kimoja kinahusu nini, huku saa yangu ikinila. Mkwe akauliza kama nafunga soketi au najenga kituo cha umeme. Nyuma ya soketi ile nikaukuta waya wa kijani umekatwa mfupi na kukunjwa. Zilibaki dakika hamsini. Niliuunga, nikafunga soketi mpya, nikapima yangu na zote zinazoilisha, nikajaza cheti. Nilipotia sahihi zilibaki dakika nne.

Mkaguzi akafunga daftari lake, akasema wiki ile watahiniwa wawili walikuwa wamepima kazi yao mpya tu, na wote wawili wameanguka. Kisha akanipa mkono. Mdogo wangu, nilitoka mle nikitembea kama bwana harusi! Mkwe alinifuata hadi barabarani kuniomba nikaipime na nyumba yake.

Mkaguzi aliniuliza kwa nini nilianza na kazi ya mtu mwingine. Nikamwambia kwamba anayeisainia soketi mpya ameusainia na waya wa zamani unaoilisha. Ni kweli, lakini si jibu lote. Lililobaki ni lako.

Soketi ya jikoni kwa mama, chini ya dirisha, niliifunga mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili. Waya wa kijani uliniishia, nami nilitaka kumaliza kabla baba hajarudi kutoka kazini, nijisifu. Nikafunga nyaya mbili tu. Nikachomeka testa, ikawaka, mkanipigia makofi. Testa huonyesha kwamba umeme upo. Kuhusu ethi ni bubu. Baada ya wiki tatu friji lililochomekwa hapo likakurusha sakafuni, na mama akasema uliligusa kwa mikono yenye maji. Ukaitwa Mikono Mibichi hadi siku ya harusi yako. Jioni ile ile nilifungua soketi, nikaona, nikafunga. Nilimshauri mama alihamishe friji, na nikacheka pamoja na wengine.

Mikono yako haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Nisamehe.

Uliponiandikia kwamba friji jipya umeliweka chini ya dirisha, nilimpigia mwanao simu saa ile ile alichomoe. Sababu ndiyo hii. Tafuta fundi mwenye mita, si mwenye testa. Aanze na nyaya za zamani, na akuachie cheti chenye jina lake.

Msalimie shemeji, na wajukuu uwabusu mmoja mmoja. Umeniuliza nitarudi lini nije kuikagua nyumba mwenyewe. Wazazi wamelala huko, nami huku nina wajukuu, na sasa nina kazi yenye jina langu. Sitarudi.

Kaka yako