Kabla Hujabadili Giaboksi

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifika hapa machimboni Handeni, marahaba. Bibi yako kule Magoma mguu umepona. Mimi mikono imechoka kwa nyundo, vumilia mwandiko.

Unasema fundi wa Kilole anataka kubadili giaboksi nzima ya teksi inayokulisha, eti kwa sababu ukiweka D inachelewa kuvuta. Hata mimi simwamini. Alipima oili?

Ila niliwahi kukosea. Ujanani, gari la otomatiki la bosi wangu lilipata ugonjwa huohuo, tukalipeleka Korogwe kwa fundi Msambaa. Akasema oili ya giaboksi imepungua. Mimi nilishapima nyumbani, injini imezimwa, kama tulivyopima trekta za mkonge, na kijiti cha kupimia kilionyesha imejaa. Nikamwita mwizi. Watu wakacheka, wakidhani ni utani wetu Wazigua na Wasambaa. Yeye hakucheka.

"Washa, Mzigua. Liache lipate moto. Haya, pima sasa."

Kijiti kilitoka kikavu; kumbe kwenye otomatiki, injini ikizimwa oili hurudi chini, ikaonekana imejaa. Akakaza bomba lililokuwa likivuja, akaongeza oili, gari likavuta. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya waliocheka.

Basi pima mwenyewe: gari limepata moto, injini inaunguruma, gia kwenye P, breki ya mkono umeivuta. Oili ikiwa imepungua, tafuta inapovuja. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, fundi hakudanganyi. Hapo mpe salamu zangu, wala usimwambie nilivyomdhania.

Babu yako,
Hamisi