Mtemi wa Akwitania na Lango la Baba

Bwenini, Karatu
14 Agosti

Kaka Koinet,

Supai. Naomba barua hii ikukute mzima huko Ololosokwan, wewe na wageni unaowatembeza. Mimi sijambo kwa mwili. Mama anakusalimu, macho bado yanamsumbua.

Tangu tumzike baba nimerudi shule, ila masomo hayaingii. Nasoma kitabu kimoja tu cha maktaba, habari za Wiliamu, mtemi wa Akwitania kule Ufaransa, miaka elfu iliyopita. Alifundishwa kusoma tangu utotoni, akakusanya vitabu, akawa anasoma mpaka usingizi umshinde. Alioa mara tatu. Mwishowe aliacha utawala, akaenda kuishi na watawa, akafia huko.

Likizo ya Juni nilimsimulia baba kitandani kwake. Akauliza mtemi huyo alikuwa na ng'ombe wangapi. Nikamjibu kitabu hakisemi. Akacheka hadi akakohoa, akasema basi aliyekiandika hakumjua mtu wake. Nilipomwambia kwamba wana watatu wa mtemi walitawala kwa jina lilelile la Wiliamu, aliuliza kama kwao jina la marehemu hutajwa.

Sasa jina la baba halitajwi nyumbani, mila unaijua. Hapa shuleni mwalimu hulisoma kila asubuhi akiita mahudhurio, kwa kuwa ndilo jina langu la pili. Naitika kwa sauti ndogo. Wenzangu wanadhani ni haya.

Mama alisema ulipopigiwa simu ya msiba uliuliza jambo moja tu, kama baba alikutaja. Akakujibu hakusikia. Hukuja kuzika.

Kaka, alikutaja. Ulipoondoka wakati wa ukame ukaacha ng'ombe, alikukataza kupita tena lango lako la boma, lile la kupitia wewe na ng'ombe wako. Siku ninarudi shule alinituma nikuandikie, akisema hilo si jambo la simu: nikuambie lango lako hajaliziba. Basi. Niliona maneno ni machache mno kwa barua. Nikaandika kwamba amekusamehe, nikafuta, maana hakusema hivyo. Nikatafuta Kiswahili kizuri, nikanakili mara nne. Wiki tatu karatasi ilikaa ndani ya kitabu cha mtemi, mpaka mwalimu wa zamu aliponiita kuniambia baba hayupo.

Sijamwambia mtu. Nisamehe ukiweza.

Kila jioni mama huegemeza tawi moja tu la miiba kwenye lango lako, kama baba alivyozoea. Fisi wameshachukua kondoo wawili, anataka kuliziba kabisa. Nimemwomba angoje. Hajui namngojea nani.

Wasalimie wenzako wa kambini.

Mdogo wako,
Naserian
(jina la pili unalijua)