Njia ya Kutoka Kisigino Mpaka ku Kichwa

Papa,

Miye Masika, mutoto yako wa kwanza. Nakuandikia hapa ku atelie, juu ya meza yako ya kazi, saa sita ya muchana, mulango nimefunga. Kuna mutu wa kinu anapiga hodi huko inje tangu kitambo, anataka motere yake. Aendelee kupiga. Leo niko na neno na weye, na sitaki mutu aniangalie ku uso.

Sasa inaenda miezi mbili tangu tulikuzika. Mama angaliko, anakula kidogo, anasali mingi. Kazi inatembea. Nimesuka waya ya motere tatu miye peke yangu, na zote zinazunguka, hata ile yenye ulisema ni ya kutupa. Unaona? Ulikuwaka unasema mukono yangu iko na haraka sana. Haya, ile mukono ya haraka njo inalisha Mama, bibi yako.

Lakini hapana hiyo yenye imenileta. Papa, nakukasirikia. Acha niseme wazi, juu hata ku kilio batu balinikataza, basema mufu hasemeshwe vile. Nakukasirikia na nakupenda, zote mbili pamoja.

Unakumbuka kule Mavivi, karibu na Beni? Tulishuka kutengeneza motere ya kinu ya muhogo. Tulikuwa tumekaa chini, motere imefunguliwa kati yetu, na ile imbwa ikaingia ku kiwanja. Ndogo, ya rangi ya udongo, haina mwenyewe. Ilikuwa inatembea sawa mulevi, mate inashuka. Batu ba kinu bakasimama mbali. Weye na roho yako ya huruma ukasema, "Iko na njaa tu," ukainyooshea tonge ya bukari na mukono. Ikakuluma pale kidole kubwa inashikana na mukono, ikakataa kuachia. Nikaipiga teke. Ikakuachia weye, ikanikamata miye ku kisigino, nyuma ya sandali. Bavijana ba pale bakaimaliza na miti, bakaitupa ku choo, na ikaisha. Siye wote tuliamini imeisha.

Muforomo mwenye kutunza bagonjwa ku kituo cha afya alikuja yeye mwenyewe mbio, na ndoo ya maji na sabuni. Alisema tuoshe, tuoshe sana, kiisha twende Beni ku hospitali tupigwe shindano ya dawa. Weye ukamucheka. "Siye tuko na jiwe."

Ile jiwe nyeusi, Papa. Kipande ya mufupa ya ngombe, ilichomwa mpaka ikakuwa makaa, Tate, babu yangu, alikuachia. Uliitembeza ndani ya sanduku ya kazi, kati ya koleo na tester, imefungwa ku kitambaa. Ku avenue yetu yote, mutu akilumwa na nyoka, ni kwako. Ukachukua wembe, ukanichanja ku kisigino mpaka damu ikatoka, ukabandika jiwe. Ikashika. Na ukafukuza muforomo na ndoo yake, juu ulisema maji inafunga njia ya jiwe, mutu wa jiwe hapana kuoshwa.

Jiwe ilikuwa moja tu. Ukaniwekea miye kwanza. "Mutoto kwanza," ulisema, ukakaa pale na mukono yako inatona damu ku motere ya benyewe, ukingojea jiwe imalizane na kisigino yangu. Ilipoanguka, ukaitia ndani ya maziwa, povu ikapanda, ukafurahi sana. "Unaona? Inatapika sumu." Kiisha ukaibandika kwako. Nilikuamini, Papa. Kama ungeniambia nile ile jiwe, ningekula.

Hata Beni hatukusimama. Basoda balikuwa banapanga gari za kupanda Butembo kwetu pamoja, na nani atataka kubakia nyuma ku ile barabara yenye batu banauawa? Tukapanda. Kidonda yako ikafunga muzuri sana. Uliionyesha batu ku parokia kisha misa, ukijisifu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukasahau.

Ilianza ku kovu. Ulisema inakuwasha, sawa siafu iko inatembea chini ya ngozi. Kiisha waya ikaanza kukuponyoka, weye! Ukalaumu uzee. Siku ya tatu uliwasha ile ventilateri ya masista kuijaribu, upepo ikakupiga ku uso, na koo yako ikaruka. Ukashika shingo na mikono mbili, macho imetoka. Papa, nilicheka. Nilifikiri unanichekesha. Nyamuhanga, Mungu wetu, anisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini, na weye ulikuwa unaanza kufa mbele yangu.

Ku hospitali kiu ilikuwa inakuua, na kikombe ikikaribia unajitupa ku ukuta. Mama akasema wamekuloga, ni batu ba kinu ba Mavivi. Balokole, bale ba maombi, bakakuja na mafuta, bakapiga kelele juu yako. Na katikati ya ile yote unarudia kuwa weye kabisa, unauliza kama nilifunga courant ya umeme ku atelie. Hiyo njo ilinivunja. Ningependa uwe umepotea akili.

Docta ni kijana, pole, anaongea taratibu. Alinitosha inje akachukua karatasi, akachora mutu. Aliniambia: kichwa haiko kitu moja, iko na fasi-fasi. Mbele, nyuma ya paji la uso, njo mutu anawaza na kupanga kesho yake. Huko kwako ilikuwa bado muzima, njo maana ulikuwa unanijua. Lakini chini kabisa, pale ubongo inashonana na mugongo, kuna fasi sawa kidole kubwa, na ile fasi ndogo njo inaongoza kumeza, kupumua, na moyo. Karibu na pale ndani, kuna ingine yenye kuzaa woga. Ugonjwa ya imbwa inapenda pale. Njo maana maji ilikuogopesha: kumeza yenyewe ilikuwa imeharibika, na woga ilikuwa imewashwa, na hakuna mutu wa kuizima.

Nikamuuliza: jiwe nayo? Hakucheka, hiyo nilimushukuru. Alisema ile kitu haipite ku damu. Inaingia ku nyama, inatafuta ncha ya mushipa ya fahamu, ule uzi mweupe wenye unapeleka habari, na inapanda ndani yake, kidogo-kidogo kila siku, bila maumivu, bila homa, bila neno. Inafika ku kamba kubwa ya ndani ya mufupa ya mugongo, inapanda tena, mpaka ku kichwa. Kiisha inashuka ku mate, ingojee mutu mungine. Jiwe inakunywa damu ya juu tu. Sabuni na maji, ile siku, ingeosha mingi mbele haijapata mulango. Hata kwa nyoka, alisema, zile zenye kuluma, mingi hazina sumu ya kuua. Mutu anapona mwenyewe, jiwe inabeba sifa.

Ndoo ilikuwa pale, Papa. Sabuni ilikuwa pale.

Kiisha akaniuliza nani mungine alilumwa. Nikaweka muguu juu ya kiti.

Docta aliinama. Akaangalia kisigino, akapandisha macho polepole mpaka ku kichwa yangu, sawa fundi wa nguo anakadiria kitambaa. Akasema mukono ni karibu, kisigino ni mbali. "Uko na bahati ya kuwa murefu." Miye! Na huu urefu wenye ulikuwa unanicheka nao, ukisema nitakosa bwana. Akanionyesha ku karatasi: chini ya mugongo kuna chembe moja ndogo, jicho haiwezi kuiona, na inatuma uzi moja mpaka ku vidole vya muguu. Uzi moja, bila kiungo. Weye ulinifundisha kupenda waya yenye haina kiungo, kusema njo kazi safi, hakuna fasi ya kuungulia. Siku ile niliichukia. Ningependa kuwa na viungo mia.

Shindano ya kwanza walinipiga siku yenye ulikufa. Chanjo ilipatikana, lakini ile dawa ingine, ya kupiga pembeni ya kidonda yenyewe, Butembo haikuwe, Beni haikuwe. Docta alisema chanjo inafundisha mwili kupigana, lakini inaomba siku za kufundisha. Na ile kitu nayo haingojee. Yenye itafika mbele njo itashinda.

Wacha nikuambie ile siku yako ya mwisho, juu sijaiambia mutu. Asubuhi ulikuwa umetulia, umefungwa ku kitanda na vitambaa. Ukasema, "Masika, leo ulikunywa maji?" Nikasema ndiyo. "Kunywa nisikie." Nikakunywa kikombe nzima. Uligeukia ukuta, juu kuona maji tu ilikuwa inakurusha koo, lakini ulisikiliza kila funda mpaka ikaisha. Ukasema, "Muzuri." Kumbe ulikuwa umeelewa yote. Ulijua ulichoniwekea ku kisigino, na ulijua ulichokataa. Nikitaka kukuhukumu nakumbuka ile "muzuri" na hasira inakosa nguvu. Kiisha inarudi.

Shindano zote nimemaliza. Sasa tunangojea. Docta anasema inaweza kuwa miezi, inaweza kupita mwaka, na hana mashine ya kuchungulia ndani ya mushipa ya mutu muzima. Unajua namna tunakaa ku nyumba? Nikinyanyua kikombe, Mama anaacha kupepeta. Jirani anamuita binti yake arudi. Nakunywa, nameza, na nasikia pumzi zao zote zinatoka pamoja. Siku moja niliwakasirikia, nikakohoa kwa kusudi. Mama alianguka chini na sinia ya mchele. Sikurudia tena.

Juma yenye ilipita, mwanamuke alitoka Oicha, ku mashamba ya kakao, imbwa ilimuluma ku bega. Alikuwa amelala njiani, anatafuta "Papa wa jiwe." Kiwanja ikajaa. Nilimumwagia maji na sabuni miye mwenyewe, robo saa nzima, alilia sana, sikuachia. Na nikisugua, nikasema kwa sauti, mbele ya avenue yote: jiwe ilibandikwa ku mukono ya Papa yangu, Papa yangu iko ku kaburi, ilibandikwa ku kisigino yangu, na miye niko nangojea. Batu balinung'unika, basema natukana muzazi. Mama alisikia yote ku dirisha. Nikamupandisha ule mwanamuke ku pikipiki, nikamupeleka kwa docta. Jiwe nilivunja na nyundo yako.

Sasa sikia yenye ilinifungisha mulango leo.

Juzi kisigino imeanza kuwasha.

Ni ku kovu, pale pale. Nilienda kwa docta bila kuambia Mama. Aliminya, aliuliza, aliangalia macho yangu na taa. Alisema kidonda ikipona nayo inawasha. Alisema shindano nilipiga zote, tumaini iko, nirudi kila siku. Lakini nilimuona akikunja ile karatasi yenye alichora mutu, hakutaka niiangalie. Naogopa, Papa. Naogopa vibaya sana. Nimekuwa mutu mwenye kusikiliza muguu yake sawa mwizi anasikiliza mulango.

Leo asubuhi Mama aliniona nikijikuna. Hakupiga kelele, hakuita balokole. Alikaa chini mbele yangu akauliza, "Inapitia wapi?" Ni mara ya kwanza ananiuliza. Nikamuonyesha na kidole: nyuma ya muguu, nyuma ya goti, ku tako, ku mugongo, juu. Alifuata kidole yangu na macho sawa mutu anaangalia njia yenye mutoto atapita. Kiisha akatoa kitambaa ya kilio ku kichwa yake, ile ya kukulilia, akanifunga chini ya goti. Akakaza na meno. Akafunga fundo mbili. Nilitaka kumuambia ule uzi uko ndani sana, kitambaa haiwezi kuukamata. Nikamushukuru, "Wasingya, Mama." Akaenda kupika.

Basi nakuachia neno yangu. Hakuna mutu atabandikwa jiwe tena ku mulango huu. Atakuta ndoo, sabuni, na mutu wa kumusindikiza. Na kama kisigino inasema kweli, sitangojea nishindwe kumeza mbele ya Mama. Nitaenda na miguu yangu miye mwenyewe ku ile chumba yako ya hospitali, nifungiwe mate yangu ingali safi, na nitamuambia ni malaria. Hasira yangu naiacha hapa juu ya meza. Huruma yako ilikuwa kubwa kupita akili yako, na miye ni mutoto yako kabisa.

Lala, Papa. Usinitengenezee fasi pembeni yako.

Ule wa kinu amechoka, ameenda. Tangu nilianza kuandika, muguu yangu imekufa ganzi, toka goti mpaka ku vidole. Inaweza kuwa kitambaa ya Mama, alikaza sana. Inaweza kuwa ile kitu. Nikifungua, nitajua.

Bado sijafungua.

Masika wako